Gari la Kijana na Hesabu ya Nyumbani



Somo letu tumelitwaa katika Injili ya Luka, mlango wa 14, pale Bwana wetu anapowapa watu mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara. Bwana hakuulaumu mnara. Wala hakusema kwamba mtu wa kipato cha kawaida hana haki ya kutamani jengo refu. Aliuliza jambo moja tu, tena jambo ambalo fundi yeyote wa Pasua au wa Majengo angeliuliza kabla ya kuchanganya saruji: je, mtu huyu amekaa chini akapiga hesabu, akajua kama fedha zake zitafika juu, au ataishia kwenye msingi na kuwa kichekesho cha wapita njia?

Leo tunapenda kuusoma mfano huo kwa ajili ya vijana wetu, na mnara tutakaouzungumzia si wa mawe, wala si ule mnara wa saa wa pale mjini. Una magurudumu manne. Tunazungumza juu ya gari, na hasa gari la mbio: lile la chini, lenye injini yenye nguvu kupita haja, lenye mngurumo unaowarusha mbuzi wa Kibosho pembeni mwa barabara. Vijana huliita ndinga. Ni gari ambalo kijana aliyepata kazi yake ya kwanza au ya pili, hajatimiza hata miaka thelathini, huliwaza akiwa amelala na huliwaza akiwa ameamka. Naye anatuuliza, na ni swali la haki: nitalimudu?

Kwanza tuseme waziwazi kwamba kupenda gari zuri si dhambi. Wako wahubiri ambao wakiona kijana amepita na gari jipya huanza kumtafutia mstari wa kumhukumu. Sisi hatutafanya hivyo. Chombo kilichotengenezwa kwa ustadi ni kazi ya akili ambayo Mungu aliwapa wanadamu, na kijana anayekitazama kwa furaha hajamkosea mtu.

Tena mapenzi hayo hayakuanza na vijana wa leo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa miaka yake mingi ya mwanzo yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu walikesha kando ya barabara ili wayaone magari yakipita kwa nukta chache, yamejaa matope hadi kwenye paa. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, ushindi ulichukuliwa na Datsun 240Z, gari la viti viwili, la chini, lenye pua ndefu, ambalo kwa kila kipimo ni gari la mbio. Ule wa 1973 ulikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden. Baadaye, mwaka 1997, Colin McRae wa Scotland alishinda kwa Subaru Impreza ya buluu, na wako vijana wetu ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa, lakini wanalijua gari lile kama wanavyolijua jina la shangazi yao.

Hebu tulitazame gari lile la ushindi kwa makini. Halikuwa la dereva peke yake. Nyuma yake kilisimama kiwanda kizima. Walikuwapo mafundi waliolisubiri njiani wakiwa na matairi na spea, na watu wengine ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha mafuta hayapungui. Dereva hakuuliza bei ya tairi. Kijana wetu anapoliona gari la namna ile huiona sehemu ya dereva tu. Sehemu ya kiwanda haioni, na hiyo ndiyo itakayomdai.

Wazazi wa vijana hawa walikulia katika nchi nyingine kabisa, ingawa jina lake ni lilelile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka na mafuta yakawa adimu, magari ya binafsi yalikatazwa kutembea barabarani siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mtu aliyekwenda kusali akakawia kwenye kikombe cha chai cha jirani alijikuta akirudi nyumbani kwa miguu. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakawa mengi hata mjini kwetu. Tunayataja haya ili vijana waelewe kwa nini baba zao wanaposikia neno gari husikia jambo zito kuliko wanavyolisikia wao.

Sasa tuketi, kama Bwana alivyoagiza, tupige hesabu.

Gari la kasi ambalo kijana wa mshahara anaweza kulifikiria si jipya. Toyota Altezza, kwa mfano, ambayo vijana wengi huitaja, ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Maana yake ni kwamba iliyo changa kuliko zote ina umri wa miaka 20 hivi, na iliyo kubwa kuliko zote huenda ilimtangulia mnunuzi wake kuja duniani. Bei yake kule Japani inaweza kuonekana ya kuvutia sana katika simu ya mkononi. Lakini gari hilo likishushwa bandarini Dar es Salaam linakutana na Mamlaka ya Mapato. Viwango hubadilika kwa bajeti, ila kwa miaka ya karibuni mambo yamekuwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ya bei ya gari pamoja na usafirishaji na bima yake, kisha ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, kisha, kwa kuwa gari limepita miaka 10, ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake, na mwisho kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 juu ya jumla ya yote hayo. Ukimaliza kujumlisha utaona kwamba tozo zimekuwa karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na kwa injini kubwa zaidi huipita. Gari la namna hii hununuliwa mara mbili, mara moja Japani na mara ya pili bandarini.

Tumchukue basi kijana wa mfano. Awe binti au mvulana, si neno. Amezaliwa Marangu, amesoma hadi akapata shahada, ameajiriwa Dar es Salaam kwa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Ni mshahara ambao wengi wangeutamani, na mama yake amekwisha kuutaja jumuiyani. Lakini kabla kijana hajaugusa, Bodi ya Mikopo iliyomsomesha inachukua asilimia 15, yaani shilingi 225,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 150,000. Kodi ya mshahara inachukua kama 233,000. Anachopokea mkononi ni shilingi 892,000. Hiyo ndiyo fedha yake. Ile milioni moja na nusu ni jina tu.

Tuseme gari, pamoja na ushuru, linamfikia kwa shilingi milioni 20. Benki inakubali kumkopesha milioni 12, kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka juu ya deni linalobaki. Kila mwezi atarejesha shilingi 346,000 hivi, na siku atakapomaliza atakuwa amelipa zaidi ya milioni 16 na nusu. Katika zile 892,000 sasa amebakiwa na 546,000. Tuseme anaendesha kilometa 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi, siku 22 za mwezi. Gari la injini ya namna ile, katika msongamano wa Dar es Salaam, tulipe kilometa 8 kwa lita moja. Hizo ni lita 110. Petroli tangu mwaka 2022 imekuwa ikizungukazunguka karibu na shilingi 3,000 kwa lita, ikipanda na kushuka kila mwezi EWURA inapotangaza bei. Kwa hiyo mafuta ni shilingi 330,000.

Amebakiwa na shilingi 216,000.

Bado hajalipa kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba huitaka kwa miezi sita au kwa mwaka mzima. Bado hajala. Hajanunua umeme. Hajalipa bima. Hajabadilisha oili, na injini ya kasi haikubali oili ya bei rahisi. Hajanunua tairi, na tairi za ukuta mfupi ambazo magari haya huvaa haziyapendi mashimo yetu. Wala hajatuma nyumbani hata shilingi moja. Tena tumepiga hesabu hii kwa gari lisiloharibika, na gari la namna hiyo bado halijatengenezwa na mtu yeyote.

Wasikilizaji wapendwa, hadi hapa tumesema mambo ambayo karani yeyote wa benki angeweza kuyasema, na huenda mtatuuliza kwa nini tumeyaleta katika saa ya neno la Mungu. Tumeyaleta kwa sababu ya jambo ambalo karani hataliuliza. Gari lilikuwa la milioni 20. Benki ilitoa 12. Je, zile milioni 8 zilitoka wapi?

Kama kijana aliziweka akiba, tumpe heshima yake, na tutarudi kwake baadaye. Lakini mara nyingi hazitoki huko. Wengine huzitafuta kwa wakopeshaji wa haraka, wale ambao watu wenyewe wameiita mikopo yao kausha damu, na jina hilo halikutungwa na adui zao. Wengine huzipata kwa mama, ambaye huenda kwenye kikundi chake cha VICOBA na kudhaminiwa na wanawake wenzake, kila mmoja akiweka jina lake kwa ajili ya mtoto ambaye hajawahi kumwona tangu alipokuwa shule ya msingi. Na wengine, hapa ndipo tunapopaswa kusema polepole, huzitafuta kwenye kihamba.

Ninyi mlioko milimani hamhitaji kuelezwa kihamba ni nini. Kwa ajili ya wasikilizaji wa mikoa mingine tuseme kwamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa kwa pamoja, lililozungukwa na masale, ambayo ni mpaka na pia ni jani la amani. Huko ndiko ng'ombe hufungwa, na huko ndiko babu na bibi walikozikwa. Huko kwenye mteremko ardhi ilikwisha kujaa zamani. Kihamba kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu, hata leo wako ndugu ambao nyumba zao zinapeana kivuli. Robo eka ikitoka hapo hairudi, maana hakuna mahali pa kununua nyingine.

Katika mlango wa 15 wa Injili hiyohiyo ya Luka, mlango mmoja tu baada ya ule wa mnara, yuko kijana aliyemwendea baba yake na kudai fungu lake la urithi wakati mzee bado anapumua. Sisi sote tunaijua habari hiyo tangu shule ya Jumapili. Lakini kuna jambo ambalo msikilizaji wa Kilimanjaro anaweza kuliona haraka kuliko mtu wa Ulaya. Kijana yule alikuwa ndiye mdogo. Na kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume aliye mdogo ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Ndiye anayewatunza uzeeni, ndiye anayelinda makaburi, ndiye ambaye ndugu wengine wakirudi kutoka mbali humkuta mlangoni. Kwa masikio yetu, basi, habari ile haisemi tu kwamba mtoto mmoja alitapanya mali. Inasema kwamba yule aliyetazamiwa kuwa mlango wa nyumba aling'oka akaenda zake, na nyumba ikabaki wazi.

Kijana anapomwambia baba yake, "Mzee, tuuze kile kipande cha chini, kile cha karibu na mfereji, nami nitakurudishia," huenda anasema kwa moyo mnyofu. Anaamini kwamba atarudisha. Lakini tumekwisha kuziona zile shilingi 216,000. Zitarudisha nini? Na baada ya miaka minne, deni la benki litakapokwisha, lile gari la mwaka 2003 litakuwa na thamani gani sokoni? Kipande cha chini kitakuwa kimejengwa ghorofa na mtu mwingine, na masale yatakuwa yamehamishwa.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kuchukia fedha wala vitu. Wenye kusema kwamba zamani watu walitosheka na ndizi hawakuwajua watu wa mlima huu. Kahawa ilipoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, wenyeji walipoiona inalipa hawakukubali kubaki vibarua. Waliipanda wenyewe katika vihamba vyao. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama cha Ushirika cha KNCU, ambacho jengo lake mnalipita kila mkija mjini Moshi. Kahawa ilipolipa vizuri katika miaka ya 1950, fedha zake zilijenga shule, zikaezeka nyumba kwa mabati, na zikanunua magari pia. Naam, na magari. Lakini mkahawa ukiupanda leo, hauchumi leo wala mwaka kesho. Husubiri miaka mitatu, minne, ndipo uone mavuno ya maana. Mkulima aliyenunua gari kwa fedha ya kahawa alikuwa amekwisha kulisubiri gari hilo kabla hajalitamani. Mti wenyewe ulimfundisha kusubiri, atake asitake. Mshahara wa mwisho wa mwezi haufundishi hivyo, wala simu yenye picha za magari ya Japani.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma tukiwatupia vijana mzigo wote. Kijana hakuanza mwenyewe kuamini kwamba yeye ni gari lake. Kuna waliomfundisha.

Kila mwaka Desemba inapokaribia, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa watu wanaopanda kuja huku, na nchi nzima hutania kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo ni mtamu, nasi tunacheka pamoja na wenzetu. Lakini tujiulize: wanaofika huhesabiwa kwa kitu gani? Mtoto akifika kwa basi, ameshuka Himo na mzigo wake, akapanda gari la abiria hadi Marangu na kumalizia kwa miguu katika utelezi wa mvua za vuli, huulizwa, "Umefika?" Akifika mwingine kwa gari linalonguruma, huulizwa habari za kazi, hupewa kiti cha mbele, huitwa "bosi" na mjomba ambaye mwaka jana hakumkumbuka jina. Mbuzi akichinjwa, mgawanyo wa nyama humjua mwenye gari. Kanisani, siku ya kuchangia, wenye magari hutajwa kwa majina, na mama mjane aliyeleta ndizi hutajwa kama "na wengine". Vijana wana macho. Wanayaona haya wakiwa na umri wa miaka 12, wamesimama ukutani na bakuli la nyama mkononi, na wanapofika miaka 25 wanataka kulipa deni la macho yale. Tumesikia hata habari za vijana wanaokodi gari kwa siku kumi za sikukuu ili wapite nalo kijijini, kisha Januari warudi mjini kula mkate mkavu.

Na kichekesho chenyewe ni hiki, mtusamehe tukicheka kidogo siku ya Bwana: gari la mbio halifiki nyumbani. Lami inapanda vizuri hadi Marangu na hadi Machame, lakini njia ya mwisho, ile ya kuingia migombani, ni ya udongo na mawe, nayo mvua ya vuli imeiosha. Gari la chini hukwaruza tumbo kwenye jiwe la kwanza. Basi mwenyewe huliegesha kwenye duka la barabarani, huwalipa vijana wa pale walilinde, kisha hushuka kwa miguu akiwa amebeba viatu vyake mkononi, sawasawa na ndugu yake aliyekuja kwa basi. Mama yake hulisikia gari, lakini halioni.

Wazazi, huyo kijana akifika mlangoni na viatu mkononi, mna siku chache tu za kukaa naye. Mwulizeni anadaiwa na nani. Mwulizeni kama analala usiku. Kama amekuja kwa basi, mpeni kile kiti cha mbele, mumwulize habari za kazi kwa sauti ileile mliyotaka kumwulizia mwenye gari. Na kama analeta shauri la kuuza kipande cha chini, msimjibu usiku huohuo wa kwanza, wakati furaha ingali ya moto na mbege iko mezani. Waiteni ndugu zake wote, hata wale wasichana walioolewa, ambao mara nyingi hawaitwi, ingawa ndio wanaotuma fedha za dawa.

Nawe kijana uliyetuuliza kama utalimudu, hatukukusahau. Hatutakuambia usilinunue. Tutakupa njia ya kupima, na kipimo chenyewe hakihitaji mhubiri wala karani. Liendeshe gari hilo kwanza kwenye karatasi, kwa mwaka mmoja. Kila mwezi, mshahara ukiingia, toa shilingi 346,000 kama kwamba benki imekata, na 330,000 kama kwamba umejaza mafuta, uziweke mahali ambapo mkono wako haufiki upesi: SACCOS ya kazini, au akaunti isiyo na kadi. Jumla yake ni shilingi 676,000. Uishi kwa kilichobaki. Ulipe chumba, ule, upande daladala, na utume nyumbani kile ulichozoea kutuma, bila kukipunguza.

Huenda mwezi wa tatu utashindwa, kwa sababu mdogo wako amerudishwa shule kwa ajili ya ada, au baba amelazwa KCMC, na ukazichota zile fedha ukaokoa jambo la nyumbani. Basi umepata jibu lako, na jibu hilo halikukugharimu hata mgomba mmoja. Lakini kama utafika mwezi wa kumi na mbili, fungua uhesabu. Utakuta shilingi 8,112,000. Ni zile milioni 8 tulizokuwa tukizitafuta tangu mwanzo wa mazungumzo haya, nazo hazikutoka kwa kausha damu, hazikutoka kwa wanawake wa VICOBA, wala hazikutoka karibu na mfereji. Ukifika hapo, mwanangu, wewe mwenyewe utajua kama bado unalitaka. Kama bado, ukalinunue, na sisi tutafurahi kulisikia likipita. Tunakusihi tu upunguze mwendo pale Mwika sokoni siku ya mnada, na usiwarushe mbuzi.

Tuombe. Bwana, tunawaweka mikononi mwako wote watakaosafiri kurudi nyumbani mwaka huu, watakaokuja kwa basi na watakaokuja kwa magari yao, kutoka Chalinze hadi Segera, Korogwe hadi Mombo, Same hadi Mwanga na Himo. Wakumbuke madereva waliochoka na wasiosema kwamba wamechoka. Wakumbuke akina mama walioacha taa inawaka barazani usiku wa manane, na vijana wanaoogopa kufika wakiwa mikono mitupu; uwatangulie hadi mlangoni. Amina.